Pini ya Akiki

Mawe yangu niliyakuta kwenye kisosi, juu ya meza ya shemeji kule Kaloleni, yamesuguliwa mpaka yanang'aa kama peremende.

"Shemeji, nimekusafishia," akasema.

"Pini yenyewe iko wapi?"

"Pini ya nini? Mali ni mawe."

Huyu ni mume wa mdogo wangu, dalali wa mawe. Madalali wa hapa Arusha jiwe wanalitaka tupu. Likishikwa na kitu wanaona limefungwa, halipimiki. Pini yangu alimpa fundi, fundi akachukua koleo akayang'oa mawe.

Mimi nilikuwa nauza makoti ya mtumba Ngaramtoni. Makoti ya mabibi wa Uingereza huja na mambo yake: leso, kitana, mara nyingine pini ya zamani imesahaulika kwenye kola. Wenzangu waliwapa watoto wachezee. Mimi nilizitia kwenye kopo la majani ya chai. Iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ya silva, duara, imepangwa mawe ya akiki: nyingine rangi ya maini, nyingine kijivu yenye mistari. Mzungu mmoja aliyekuja kuchagua sweta aliniambia ni kazi ya Skotlandi, ya enzi za bibi wa bibi yake. Sikumuuzia.

Baadaye nikakatwa titi la kushoto. Nikapona. Niliolazwa nao wengine hawakupona. Siku niliyorudi kanisani Akheri nilibana kitenge upande ule kwa hiyo pini. Mama mmoja wa kwaya akanitazama kifuani, akasema, "Mama, umependeza, umeitoa wapi hiyo?" Tangu siku hiyo watu wakawa wanatazama pini. Nilichotaka ni hicho tu.

Aliyeitoa kabatini ni mdogo wangu, nikiwa shambani nachuma kahawa. Anasema alitaka kunifurahisha. Na yeye namtaja, maana ana sehemu yake.

Fundi anasema silva aliiyeyusha akamrudishia shemeji. Shemeji anasema hakumbuki. Kidoleni ana pete mpya, nene.

Basi Jumapili, ibada ikiisha, tukiwa nje kwenye mnada wa ndizi na mayai ya sadaka, aje asimame mbele ya wazee wa kanisa. Aivue hiyo pete, aseme imetoka wapi. Mimi nitakuwepo, kitenge nimekibana kwa pini ya nepi. Anitazame hapo hapo kifuani, ndipo ajibu.