Mafuta ya Buluu

Juzi nilisimama kituo cha mafuta mjini Migori, kioo cha gari kikiwa chini, na harufu ya petroli ikaingia kabla hata kijana wa pampu hajanisalimu. Wengine huwapa kichefuchefu. Mimi hunipa upweke, ule wa kukaa mlangoni jioni nikimngoja mtu ambaye akifika hatanishika hata mkono.

Baba alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege nje ya Homa Bay. Kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia na kutunza mapipa ya mafuta ya ndege moja iliyokuwa ikiwapeleka madaktari kisiwani Mfangano. Mafuta yenyewe yalikuwa ya buluu, mazuri kutazama kuliko soda yoyote. Kabla ya kuruka, rubani alichota kidogo kwenye kikombe cha kioo, akakiinua juani kuangalia kama kuna maji, kisha baba akayamimina mafuta hayo kwenye galoni. Watu wa bodaboda waliimezea mate galoni hiyo, wakiapa kwamba pikipiki ikiyanywa itapaa.

"Hii ni ya ndege," baba aliwaambia. "Na ndege nayo ukiipea petroli yenu, injini itagonga na kuzima huko juu. Huko hakuna gereji."

Mama alikuwa amefariki nikiwa na miaka sita, tukabaki wawili. Baba akirudi, aliinua kiganja toka mbali: "Ngoja kwanza." Alizunguka nyuma ya nyumba, akavua ovaroli, akajisugua kwa sabuni ya mche hadi akamaliza kipande. Alipotoka huko, hamu yangu ilikuwa imegeuka kununa. Watoto wa jirani walimrukia baba yao akitoka ziwani, na magamba ya samaki bado yamemganda. Nikaamua kwamba baba hanipendi kwa sababu nimefanana na mama.

Siku moja nilimpelekea chakula, nikaiba mafuta kidogo, nikayatia kwenye chupa ya soda. Nyumbani niliimwagia mafuta hayo sweta yake kuukuu, nikajilaza nayo kifuani. Nilitaka tu inukie kama yeye.

Alinikuta hivyo. Alininyakua, akanisugua kwenye karai mpaka nikalia, akaichoma sweta.

"Nyathina," alisema, mtoto wangu, "kwani unataka kunimaliza?"

Kwa mwezi mzima sikumsemesha.

Nilikuwa kidato cha tatu mwalimu wa kemia alipotufundisha oktani, kipimo cha mafuta kuhimili mgandamizo ndani ya injini, na jinsi mafuta ya ndege ndogo bado hutiwa madini ya risasi ili yasilipuke kabla ya wakati wake ndani ya injini. Risasi hiyo, alisema, hushika kwenye nguo na mikono, na huwaharibu watoto ubongo. Sikusikia kitu kingine siku hiyo.

Likizo ilipofika nilimkimbilia baba kiwanjani, nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Rubani alinionya," alisema. "Na mama yako nilikuwa nimeshamzika, sikutaka kukuzika na wewe. Ningekuambia niko na sumu, ungekula chakula yangu?"

Nikafungua mikono nimkumbatie. Akarudi nyuma hatua moja, maana bado alikuwa na ovaroli.

Miaka yote ile nililia kwamba baba hanigusi. Haikunijia hata siku moja kwamba na yeye hakuwa na wa kumgusa.