Nilitaka gemu ya malori yangu, nikaishia kunyimwa kahawa na mama

Wakuu, za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, mwenye shaka apande gari mpaka Izigo akaulize.

Kwa wasionijua: darasa la saba, malori mawili, ghorofa Hamugembe. Sikurithi hata jembe. Wenye digrii zao huniomba lifti.

Mpwa wangu Koku, binti wa dada yangu, amesomea kompyuta, anatengeneza gemu za simu. Nikamwambia nitengenezee gemu ya maisha yangu. Malori, ghorofa, watu mia wananishangilia.

Kwa nini? Mama yangu wa Izigo alikuwa haongei na mimi vizuri tangu ning'oe mibuni ya marehemu baba, nipate pa kugeuzia malori. Nikasema akiona gemu ataelewa amezaa mtu wa aina gani.

Koku akacheka. "Mjomba, niko peke yangu. Hii laptop nikifungua vitu viwili inazima. Na simu za Izigo gemu nzito haiingii."

Makato yakaanza. Watu mia wakawa wawili. Malori yakabaki mlio. Ghorofa langu likawa picha ukutani. Nikabaki mimi na mama sebuleni, tumekaa. Hongera sana kwa teknolojia.

Bado. Eti kuchora mkono wa mtu ukimpa mwenzake kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, vidole vinazama ndani ya vidole. Akauacha.

Kwa hiyo kwenye gemu naingia, nasalimia, nakaa. Kikapu cha kahawa kipo mezani. Mama hanipi.

Nyie msio wa huku hamtaelewa. Kwetu mgeni, hata kama humpendi, unampa kwanza kahawa ya kutafuna. Kumnyima ni tusi.

Tukawapa majirani wajaribu. Hakuna aliyeuliza malori! Wote swali moja: "Huyu kamfanya nini mama yake?"

Koku badala ya kurekebisha akafuta hadithi yangu, akaweka hiyo ya mama na kahawa. Unachagua maneno ya kumwambia mama mpaka akupe kahawa. Ukipatia, skrini inakuwa nyeusi, unasikia tu kikapu kinafunguliwa. Maana mkono hakuna.

Nikataja malori, mama kimya. Nikataja ghorofa, kimya. Wiki nzima, mimi huyu, nimeshindwa na gemu ya watu wawili!

Jumapili baada ya misa tukampelekea mama. Akaishika simu mbali na macho.

"Huyu mwanamume ni nani?"

"Ni mjomba, bibi."

"Mbona anaongea sana? Waitu, jamani, kwanza aseme mibuni ya watu ameipeleka wapi."

Koku akaniangalia. Mimi nikaangalia dari, dari nililopiga mwenyewe.

Nikasema, na sikuwa nasema na simu: "Mama, ile mibuni nilikosea."

Akaiweka simu chini. Kisha akainuka, akafungua kikapu. Punje tatu. Zamani nilikuwa napewa kiganja kizima.

Nikatafuna zote tatu, taratibu.

Malori sasa yanageuzia barabarani, na miche ya mibuni niliyopanda upya imeshika.

Nilichojifunza: Koku angekuwa na mashine kubwa na watu wa kumsaidia, angenitengenezea wale watu mia wakanishangilia vizuri kabisa, na kahawa ningekuwa nanyimwa mpaka leo.

Wataalamu wa gemu mlio humu njooni mnikosoe. Ila waanze wenye ghorofa.