Siku Niliyompima Shangazi kwa Mizani ya Maharage

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, simu yangu iliita, na kama ningejibu neno moja tu, "sawa", leo watu wa Nkwenda wangekuwa bado wananiita kwa jina langu. Sasa wananiita Mizani. Naona haya kusimulia, lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia apendavyo, afadhali muisikie kutoka kwangu.

Aliyepiga ni Respicius, dereva tuliyekodi kenta yake kupeleka mahari ya Deus, mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa wakwe kule Rugu. Gari lilikuwa limelala uani kwangu.

"Shikamoo mzee. Mtoto wangu ameamka na homa, namkimbiza kituo cha afya. Lakini nimempata mwenzangu wa Rubwera, Salvatory, ana leseni ya daraja E. Anataka elfu hamsini."

Elfu hamsini za kushika usukani, na mimi leseni ninayo! Nikamwambia ampe pole mtoto, gari nitaliendesha mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu mimi. Niliishia darasa la saba, lakini nasoma, na vijana wa bodaboda huja dukani kwangu kuuliza madaraja ya leseni, nami huwaeleza bila kufungua kitabu. Yangu ni D, ya magari madogo ya mizigo. Gari likizidi tani tatu na nusu, hilo ni gari kubwa, linataka E. Nikaenda kusoma mlango wa kenta: uzito wake likiwa tupu, kilo elfu mbili na mia tano. (Chini yake palikuwa na namba nyingine, 5,500, nikaona hiyo hainihusu kwa kuwa sitapakia kufika huko.) Basi nimebakiwa na kilo elfu moja. Jambo la kupima tu.

Nikatundika kwenye mparachichi ile mizani ninayonunulia maharage, nikaanza. Mkungu mmoja mmoja wa ndizi. Mchele. Sukari. Kreti za soda. Mbuzi dume, ambaye alipoinuliwa hewani alinikojolea kanzu niliyokuwa nimeipiga pasi usiku. Shangazi Koku, dada wa baba yangu, ambaye kwa desturi ndiye mlinzi wa zawadi na lazima akae nazo garini, alikuwa amesimama akitazama, nami nikamwambia kwa heshima zote kwamba naye anaingia kwenye hesabu.

"Mimi?"

"Ni sheria, shangazi."

Akakaa kwenye kamba, miguu ikining'inia, mkoba kifuani. "Haya, umenipima kama gunia," akasema. "Nitajie na bei basi, waitu, jamani!"

Mwenyewe nilijikadiria kilo sabini na tano, maana najijua. Ilipofika kilo elfu moja kasoro nane nikasimamisha. Mikungu kumi na saba na madumu mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vikabaki kwenye majani. Ilikuwa saa nne na nusu, na wakwe walishatuonya: mara ya kwanza tuliahirisha kwa sababu ya msiba, kwa hiyo safari hii ikipita saa sita mchana, Deus asahau habari ya binti yao. Deus mwenyewe alikuwa ametangulia na wazee kwa noah.

Tulisimamishwa kabla ya kufika Kayanga. Askari alikuwa dada mpole.

"Shikamoo baba. Leseni." Akaitazama. "Baba, hii ni D."

"Marahaba. Ndiyo, D. Na gari hili sasa hivi lina kilo elfu tatu, mia nne tisini na mbili. Nimepima."

"Umepima nini?"

"Kila kitu."

"Hata mimi," alisema shangazi kutoka upande wa pili. "Kwenye mti."

Yule dada akageuka kutazama migomba kwa muda mrefu kidogo, mabega yakimtikisika. Kisha akaniita mlangoni, akaweka kidole kwenye ile namba ya chini. "Sisi tunaangalia hii, baba. Uzito wote ambao gari limeruhusiwa kufikisha. Libebe ndizi, libebe upepo, leseni ni E."

"Hata likiwa tupu?"

"Hata likiwa tupu."

Shangazi akauliza polepole, "Kwa hiyo ile mikungu yetu tumeiacha kwa nini?"

Faini ilikuwa elfu thelathini, nayo ilikuwa halali. Nikampigia Salvatory, ambaye sasa alitaka elfu sitini kwa sababu ya dharura, akaja na bodaboda.

Tulifika Rugu saa saba kasoro dakika ishirini. Deus alikuwa amesimama nje ya lango, juani, koti mwilini, macho mekundu. "Baba mdogo, wamefunga."

Msemaji wa wakwe akachungulia. "Saa sita imepita. Halafu tuliambiwa mikungu arobaini, naona ishirini na mitatu. Mnatudharau?"

Shangazi Koku ndiye aliyeshuka, akawasimulia yote, kamba, mbuzi, askari, hakuacha hata kanzu yangu ilivyokuwa ikinuka. Kwanza walicheka wanawake, kisha msemaji, halafu baba wa binti akatoka akijifuta machozi.

"Mtu aliyepima mkungu mmoja mmoja hajatudharau," akasema. "Ametuheshimu vibaya. Leteni mizani ya kahawa. Faini ya kuchelewa ni shilingi mia tano kwa kila kilo ya mzee huyu."

Nikaning'inizwa, mbele ya koo mbili. Themanini na nne.

"Ulisema sabini na tano!" shangazi akapiga kelele.

Nikalipa elfu arobaini na mbili, lango likafunguliwa, na Deus akaingia.

Tangu siku hiyo, nikisoma namba moja nasoma na iliyo chini yake, na sitampima tena mtu ambaye hakuniomba. Salvatory alizidisha elfu kumi, barabarani elfu thelathini, langoni elfu arobaini na mbili. Kwa kukataa kusema "sawa" asubuhi ile, nilipoteza shilingi elfu themanini na mbili.