Baba yake Juma bin Abdalla

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu aliniingilia mbio, mkononi ana karatasi aliyoitoa ofisi ya ardhi. Ilikuwa nakala ya daftari kuukuu la mashamba ya Kisauni: "Juma bin Abdalla, mkulima." Huyo ndiye babu wa bibi yangu, aliyefyeka msitu wa pale kabla ya mtu mwingine na kupanda minazi. Sasa binti anamtafuta huyo Abdalla, na amekwisha kupekua madaftari matatu. Mwenzangu, Abdalla hayuko. Najua kwa nini hayuko, na tangu siku hiyo sina raha.

Miaka ya tisini tulikaa Kibokoni na bibi. Kila Jumamosi nazi zililetwa kutoka shamba, naye hukalia mbuzi akakuna, mbaazi zikichemka jikoni. Kazi yangu ilikuwa kukamua tui kwa kifumbu, na kudokoa nazi nikidhani sionekani na mtu. Mji wetu ulipenda nasaba. Hata ukitumwa sukari, mwenye duka atakuuliza kwanza, "Mwana wa nani wewe? Nyumba gani?" Jirani yetu alikuwa na nasaba yake ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, majina yakipanda hadi Hadhramaut.

Ndipo mwalimu akatuagiza tuandike ukoo wetu, vizazi vitano. Bibi alifurahi kama aliyealikwa harusini. Akafuta mikono.

"Ndoo hapa, mwanangu. Andika. Babu yangu Juma alisilimu kijana. Babake hakusilimu, akafa na dini yake huko bara. Basi msikitini wakamwita bin Abdalla, kama waitwavyo wote wasilimuo. Lakini babake alikuwa na jina lake, la Kigiriama. Hilo ndilo uandike."

Akalitaja. Akalitaja tena, polepole, kalamu yangu ipate kumfuata. Mara ya tatu alilikata vipande vipande.

"Ushaandika?"

"Nishaandika, bibi."

Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu. Hizi zetu za shule hakuzijua. Nami sikuandika alilosema. Darasani kwetu Mgiriama lilikuwa neno la kuchekana, Mungu atusamehe, na mimi nilikuwa miongoni mwa wachekaji. Niliandika jina nililoliiba kwenye fremu ya jirani.

Mwalimu alipendezwa, akausoma ukoo wangu mbele ya darasa. Binti wa jirani akainua mkono. "Mwalimu, huyo ni babu yetu sisi. Kwao alihamia lini?" Walicheka mpaka kengele ikalia, na kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imevuka kichochoro na kumfikia bibi.

Nilingoja kofi. Nilingoja methali, mkataa kwao mtumwa, maana hiyo ilikuwa haimtoki mdomoni. Hakuitoa. Alinitazama kidogo, akasema, "Kumbe wewe wanionea haya." Kisha akarudi kukuna nazi. Sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba kesho, na kesho nikaona haya zaidi ya jana.

Hakulitaja tena jina lile, nami sikumuuliza. Aliniita mwanangu vile vile, akaniwekea mbaazi vile vile. Baba hakuwa mtu wa kuuliza mambo ya kale. Nilipokuwa sekondari bibi akafariki.

Siku hizi shamba limekatwa viwanja na minazi imeanguka. Tui tunanunua la pakiti, na wanangu hawajui kifumbu ni kitu gani. Hayo naweza kuyasimulia nikicheka. Jina lile nimelitafuta usingizini na nikiwa macho. Nakumbuka mdomo wa bibi ukilitamka, nakumbuka hata unga wa nazi kwenye kidole alichonielekezea daftari. Sauti yenyewe haiji, hata herufi ya kwanza.

Jana nilimweleza binti kwamba Abdalla ni jina la baba alilopewa kila aliyesilimu ambaye baba yake hakusilimu, aache kumtafuta. Akaweka kalamu chini.

"Basi jina lenyewe alilijua nani, shangazi? Bibi hakukutajia?"

Nina miaka arobaini na ushei, nina wana, watu hunipisha njiani kwa heshima. Nikamjibu, "Hakunitajia. Nadhani alisahau."

Naye akaandika hivyo.