Marahaba ya Baba

Kaka yangu alipochaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja wa chuo katika mji wa nje ya nchi, alituachia simu yake ya zamani, ile ya kugusa, yenye ufa kwenye kona. Alinifundisha kuitumia kwa siku mbili, pale uani, huku mama akipepeta maharage. Mimi niliishia darasa la saba na huandika polepole, kwa kidole kimoja. Kaka hakunicheka. "Taratibu hivyo hivyo," alisema. "Wewe ndiye utakuwa mdomo wa baba."

Baba alikuwa na uvimbe kooni. Sauti yake ilianza kupotea wakati wa kuchuma kahawa, na kufikia Krismasi ilikuwa imebaki pumzi tu. Akitaka kusema neno alinivuta karibu akaninong'oneza kwenye sikio la kushoto, kwa Kimatengo, nami nikaliandika kwa Kiswahili nilichofundishwa shuleni. Kwetu Tingi mtandao haushiki nyumbani. Unashika kwenye jiwe kubwa lililo juu ya shamba, mahali unapoliona ziwa lote kule chini. Mwanzoni tulipanda pamoja kila Jumapili baada ya misa. Aliposhindwa kupanda, niliandika maneno yake nyumbani, nikapanda peke yangu kwenda kutuma.

Ujumbe wa kaka ulianza hivyo hivyo kila mara: Shikamoo baba. Kisha yalifuata mambo ya mji ule. Baridi inayouma mpaka meno. Chumba chenye bomba la joto linalogonga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa. Treni za mjini ambamo watu hukaa magoti yakigusana na hakuna anayemwambia mwenzake habari za asubuhi. Jumapili moja aliandika: "Shikamoo baba. Huku jua linazama saa kumi. Leo nimemsalimia bibi mmoja kwenye lifti, akakumbatia mkoba wake. Tangu nifike sijapata mtu wa kumpa shikamoo isipokuwa wewe."

Nilipomsomea, baba alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akaninong'oneza: "Marahaba, mwanangu. Hilo jua lenu ni kibarua. Likimaliza saa zake linakwenda kwake. Wewe vaa sweta."

Niliandika kama alivyosema. Sikuwahi kulifikiria neno marahaba. Lilikuwa lake. Changu kilikuwa kidole.

Alifariki mwezi wa tatu, mchana, sisi wengine tukiwa mlimani tunafyeka majani ya kuandalia ngoro, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta tunayopandia maharage. Mama ndiye aliyekuwa naye. Niliporudi na panga mkononi nilikuta watu uani.

Baada ya mazishi wakubwa walikaa ndani. Baba mkubwa, kaka yake baba, katekista mstaafu, alikalia kiti cha baba.

"Kijana asiambiwe," alisema. "Akiambiwa, lazima aje kutupa udongo kaburini. Akija, masomo yamekwisha, na nafasi kama ile hairudi. Asiye na habari ya msiba hana kosa."

Shangazi akauliza, "Na akiuliza hali ya baba yake?"

Baba mkubwa akanitazama. Wote wakanitazama. "Si huyu ndiye aliyekuwa akiandika? Aendelee."

"Huyu hata mimi akinisalimia anasalimia ukuta," shangazi alisema. "Leo mnamtwika uongo?"

"Ndiyo maana anafaa. Hatasema."

Mama alikuwa anakunja shati la baba, analikunjua, analikunja tena. Nilisubiri akatae. Hakukataa. Jumapili iliyofuata, baba mkubwa alisimama mbele ya kanisa baada ya misa, akawaonya wote wenye simu wasimwambie kaka.

Nilipanda kwenye jiwe. Ujumbe ulikuwa unanisubiri: "Shikamoo baba. Unaendeleaje na koo?"

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaandika neno lisilo la kweli. Nilifikiri nikifanya hivyo, siku kaka atakapojua ataweza kuniamini tena, maana mbali na mama yeye ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kutafuta maneno. Basi niliandika kwamba mvua ni nzuri. Kwamba mama yake hajambo. Kwamba mtu wa Ngumbo amepita akiuza samaki, mbasa wakubwa. Mwisho nikaandika: "Maumivu ya koo yamekwisha kabisa."

Akajibu upesi, "Nimefurahi sana baba. Leo nitalala."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nilishuka mlimani.

Ila marahaba sikuandika. Nilijaribu. Kaka amenizidi miaka minane. Mimi ndiye ninayempa shikamoo, na tangu nijue kusema sijawahi kuipokea yake. Baba alipokuwa hai niliandika neno lile mara nyingi bila shida, lakini sasa lingekuwa linatoka kwangu. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha baba nikiamkiwa na mkubwa wangu. Hilo mkono ulikataa. Nikawa naruka salamu, naanza moja kwa moja: Habari za masomo, mwanangu.

Ikaenda hivyo mwezi wa nne, ikaenda wa tano. Kila Jumapili jioni baba mkubwa alikuja na wakubwa wenzake, nikawasomea kwa sauti ujumbe wa kaka na majibu niliyotuma. "Vizuri," alisema. "Kama yeye mwenyewe." Na kweli ilianza kuwa hivyo. Nikikaa kwenye jiwe, kabla ya kuandika, sikio la kushoto lilipata joto, kama mtu amesogea. Sikusikia neno. Ilikuwa pumzi tu, ile ya mtu anayetaka kuanza kusema. Nilijizoeza kuinamisha kichwa upande ule. Siku moja mama alinikuta jikoni nimeinama hivyo juu ya chungu. Aliweka kuni chini akauliza polepole, "Amesema nini?"

Nilimjibu kwamba kaka hajaandika. Mama akasema, "Sijamuulizia kaka yako."

Kisha ukaja ujumbe ambao haukuwa na habari za treni wala baridi. Ulisema tu: "Shikamoo baba."

Nikaandika habari za maharage. Siku ya pili: "Shikamoo baba." Nikaandika kwamba mtandao unasumbua. Siku ya tatu nilikuta tena maneno yale yale mawili, na nikajua kwamba hasalimii. Anauliza.

Nilikaa kwenye jiwe nikageuza sikio. Halikuwa na joto. Upepo wa ziwani ulikuwa unapanda tu kama siku zote. Nikaandika M, nikaifuta. Nikaandika M na A, nikafuta. Akilini nilimwona baba mkubwa, nikaiona nafasi isiyorudi. Nilimwona kaka katika chumba kile chenye bomba linalogonga, akiutazama ujumbe wake ukikosa kuitikiwa. Ndipo nikaandika kilichokuwa changu:

"Shikamoo kaka."

Sikuongeza kitu. Ziwa lilibadilika rangi mara mbili kabla hajajibu.

"Marahaba. Lini?"

Nikamtajia siku. Nikamwandikia anisamehe. Hakuandika tena mpaka kesho yake. Alisema amepanda treni ya mjini mpaka mwisho wa njia, akarudi, akaenda tena, na watu walimwona analia na hakuna aliyemuuliza. "Leo nimewashukuru kwa kutosalimia," aliandika. Kisha: "Baba hajawahi kuiacha shikamoo yangu bila kuitika. Mwezi wote wa tano nilikuwa najua, ila nilikuwa sitaki." Na mwisho: "Usiwaambie. Mtihani umebaki wiki tatu. Wakijua kwamba najua, lazima nije, na nisipokuja nitakuwa mtoto aliyekataa kumtupia baba yake udongo. Endelea kuandika."

Hivyo tuliendelea. Aliandika shikamoo baba, nami niliisoma kwa sauti mbele ya wakubwa. Yeye alijua baba hayupo, wao walijua hayupo, na mimi nilisoma. Aliandika kwamba sasa jua la kule halitaki kuzama. Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," alisema, "hajui lolote."

Alirudi kahawa zikiwa nyekundu. Walimkalisha kwenye mkeka, wakampa maji ya kunywa, wakaanza kumzungusha kwa maneno kama ilivyo desturi, na mimi niliogopa hatalia. Niliogopa atakuwa amemaliza kilio chake kule kwenye treni, na uso wake utatufichua wote wawili. Baba mkubwa akasema, "Baba yako ametutangulia."

Kaka alilia mpaka akashikwa na watu watatu. Hakuwa anaigiza. Kilio chake alikuwa amekihifadhi.

"Umeona?" baba mkubwa alimwambia shangazi baadaye. "Tulifanya vyema." Shangazi alikuwa ananitazama mimi.

Kesho yake asubuhi kaka aliniita twende kaburini. Alisimama akasema, "Shikamoo baba," tukanyamaza wote wawili kwa muda ambao baba angeutumia kuitikia. Kisha akatoa simu yake.

"Penye marahaba ni yeye," alisema. "Pasipo na marahaba ni wewe. Nimeshatenganisha zote. Ila hii."

Nikasoma: "Marahaba, mwanangu. Vaa sweta, hata ndani."

"Hii ilifika siku ya pili baada ya mazishi," alisema. "Ndiyo iliyonifanya niendelee kuamini mwezi mzima. Uliiandika wewe?"

Nilijaribu kukumbuka. Siku zile simu ilishikwa na ndugu wengi wakipanda nayo kwenye jiwe kuwapigia watu wa Mbinga. Huenda baba aliniambia kabla, nikaandika, ikakaa bila kwenda mpaka simu ilipofika juu. Maneno yake niliyoyaandika ni mengi.

"Mtandao," nikasema. "Unachelewesha."

"Uliiandika, mdogo wangu?"

"Sikumbuki."

Akaitazama tena, akairudisha simu mfukoni bila kuifuta. Kulikuwa na jua kali, lakini alivuta mikono ya sweta lake mpaka kwenye vidole.

Sasa kaka yuko chuoni kwake, na ananiandikia mimi kwa jina langu. Watoto wa jirani wakipita hapa uani huniamkia, nami huchelewa kuwaitikia. Wanadhani ni aibu. Huwa nasikiliza kwanza, kwa sikio la kushoto.