Utepe Mmoja wa Baba

Wanga uliochemshwa una harufu ya uji usiotiwa sukari, na ukigongwa na pasi ya makaa hutoa mvuke mzito unaokaa chumbani hata nguo zikishatundikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba kurudi. Tulikaa Likoni, njia ya Mtongwe, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa makuti, na baba alikuwa askari wa jeshi. Kila aliporudi kutoka ng'ambo alikopelekwa kulinda amani, mama hakukubali dobi aiguse sare yake ya sherehe. Aliifua mwenyewe, akaitia wanga, akaipiga pasi hadi mkunjo wa suruali ukasimama wima. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa na kushika ule utepe wa kifuani usipotee. Ulikuwa kipande kifupi cha kitambaa cha mistari ya rangi, na katikati kulikuwa na namba ndogo ya shaba. Nilikuwa nikiukumbatia kwa viganja viwili, nikijiona nimekabidhiwa serikali nzima.

Watoto wa askari tulijua kusoma vifua kabla ya kujua kusoma vitabu. Askari akirudi ng'ambo hupewa nishani, na siku za kawaida, badala ya nishani yenyewe, huvaa utepe wake juu ya mfuko wa kushoto. Rangi za utepe hufuata nchi aliyopelekwa. Jirani yetu Baba Kioko, askari mwenzake baba kutoka bara, alikuwa amekwenda nchi tatu na kifuani alikuwa na tepe tatu za rangi mbalimbali. Tulimwona mtu mkubwa sana. Baba naye alikuwa amekwenda mara tatu, ila zote nchi ile ile moja ya Afrika Magharibi, na utepe wake ulibaki mmoja. Sisi hatukuona ajabu, kwa sababu baba ni baba. Ile namba ya shaba mama alidhani ni ya kikosi chake, na ilipobadilika alidhani amehamishwa kikosi. Kumuuliza hakumuuliza.

Aliyeuliza alikuwa Bi Rukia, aliyekuwa akikaanga viazi vya karai karibu na mlango wetu na kujua habari za mtaa kabla wenyewe hawajazijua. Hiyo ilikuwa miezi ya mvua, baada ya baba kurudi safari ya tatu. Mama alikuwa akisuka ukili wa mkeka barazani, mimi nikimpangia miyaa, na Bi Rukia akaja kuketi kando yake na kuteremsha sauti.

"Mimi simo, mwanangu. Lakini mwenziwe safari tatu, tepe tatu. Wako safari tatu, utepe mmoja. Hizo mbili alikuwa wapi?"

Mama aliendelea kusuka. Bi Rukia akajijibu mwenyewe kwamba wako watu wamemwona baba mtaa wa Magongo akiingia nyumba ya mwanamke na mfuko wa mkate mkononi. Wakati huo Baba Kioko, ambaye angeweza kulimaliza jambo kwa neno moja, alikuwa ameshahamishiwa bara na familia yake. Na zama zile mtu akienda ng'ambo ndiyo ameenda. Simu ilikuwa ya kubahatisha, na picha tulizoziona zilikuwa mbili tatu alizorudi nazo mfukoni. Nani angetoa ushahidi?

Basi nyumba yetu ikaingia kimya. Mama alipika, akaandaa, akamwekea baba maji ya kuoga, na asiseme zaidi ya "karibu" na "haya." Alitoka katika nyumba ya zamani ya Kisauni ambako msichana hufundishwa kwamba mke mwenye adabu hamhoji mumewe. Kuuliza si ujinga, sote twaisema, lakini kwao ilikuwa si heshima. Baba naye alikuwa ameyasikia yale maneno kwa kinyozi. Nilimsikia akimwambia ami Athumani, kaka yake mkubwa, "Akitaka kujua, ataniuliza. Siendi kujitetea kwa ya barazani." Nilikuwa mtoto na nilijua kwamba mmoja wao akifungua kinywa mambo yatakwisha. Nililala nikiomba Mungu wagombane.

Hawakugombana. Asubuhi moja mama alifunga nguo zetu ndani ya kanga, akambeba mdogo wangu Swaleh ambaye hata kutambaa hajaanza, akanishika mkono, tukavuka feri kwenda kwao. Kwetu mke akirudi kwa wazazi wake, mume humfuata. Huja na mtu mzima wa kwao, wazee wakaketi, yaliyo moyoni yakatolewa, na mke akarudishwa na doti ya kanga mpya. Mama aliondoka akiwa na hakika ya kufuatwa. Bibi alitandika mkeka mzuri ukumbini, akautandika tena wiki iliyofuata na iliyofuata. Mlango ukibishwa mama alijifunga mtandio upya. Aliyekuja mwisho alikuwa ami Athumani, peke yake, akiwa na talaka.

Baada ya mwaka mmoja hivi baba alioa mwanamke mwingine, wa Changamwe, upande ule ule wa Magongo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nasikia Bi Rukia alitamba na methali hiyo mtaa mzima, nami mpaka leo siipendi.

Swaleh alikua, naye akaingia jeshini. Juzi juzi alirudi kutoka ng'ambo safari ya pili na kuja Kisauni na sare yake amwamkie mama. Mama akamgusa kifuani.

"Mbona ni ule ule? Safari hii hawakukupa?"

Swaleh akacheka. "Mama, nchi moja utepe ni mmoja. Ukirudi tena huongezewi utepe, watia namba tu. Hii hapa, mbili."

Mama aliishika ile namba kwa kidole kwa muda mrefu, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliniambia, "Ukenda Likoni, msalimie babako."

Nilikwenda kesho yake. Baba ni mzee sasa na amestaafu. Nilimfikishia salamu, nikamweleza na ya Swaleh, na kwa mara ya kwanza maishani nikamuuliza kwa nini hakutufuata.

"Nalikuwa nishavaa kanzu," alisema. "Athumani akanizuia mlangoni. Akanambia nikenda nimekiri."

Nililia njia nzima ya kurudi. Siku hizi wake za askari huzungumza na waume zao kila jioni kwa simu, wakaonana nyuso, na utepe na namba yake mtoto yeyote atakueleza. Mimi nina nyumba yangu na mume, na akichelewa namuuliza alikuwa wapi, akinyamaza nauliza tena, majirani wakisikia na wasikie. Shangazi zangu wa Kisauni wasema sina heshima. Heshima naijua, ndiyo iliyoninyima baba.