Divai ya Kuanua Matanga

Mume wangu alipokufa, sikuweza kulia. Alikula ugali nilioupika mimi, akalala, hakuamka; na kule Bariadi kwa wakwe zangu kifo cha namna hiyo hakikosi mpishi.

Ulipofika wakati wa kuanua matanga, mama mkwe alitaka divai. "Paroko hatumnyweshi pombe ya mtama," alisema. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara za watu binafsi, na kule Malampaka mwalimu mmoja mstaafu alitengeneza divai ya rozela nyumbani kwake, jambo ambalo miaka michache nyuma lingemletea mgambo mlangoni. Alipokea wanunuzi kwa miadi tu, Jumamosi mchana, kana kwamba ni daktari. Tulimwandikia, akatupangia siku, tukapanda lori la mnunuzi wa pamba. Njia nzima mkwe wangu alizungumza na dereva.

"Mwadela, mayu," mwalimu alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma, akatuketisha sebuleni. Kila divai aliionja yeye kwanza mbele ya macho yetu, kama afanyavyo Msukuma yeyote anayempa mgeni kinywaji, ndipo akatumiminia. Kwa maneno yake, ya kwanza ilikuwa kali na ya pili tamu. Mkwe wangu alizinywa zote mbili. Kwangu zote zilikuwa maji.

Ya tatu aliionja, akamimina, na kwa kuwa nilikuwa karibu akaniomba nimpitishie mama. Nilipiga goti, nikampa glasi kwa mikono miwili. Aliipokea, akaiweka mezani.

"Kunywa, mayu, hiyo ndiyo bora kuliko zote."

"Aonje yeye," alisema, akininyoshea kidevu.

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani. Nilikunywa nusu, nikairudisha mbele yake. Tangu mazishi sikuwa nimetaka kitu chochote, lakini pale nilitaka anywe. Wanangu wawili walikuwa nyumbani kwake, na asiponiamini yeye, pale kwake sina changu. Alinitazama koo kwa muda mrefu.

"Hii ni nzuri," alisema mwishowe. "Tufungie chupa sita."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri. Glasi hakuigusa. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, kisha akaenda kutafuta magazeti ya kufungia chupa.

Chupa nilizibeba mimi mpaka kwenye lori. Siku mbili baada ya matanga nilirudishwa kwetu Kalemela. Watoto walibaki kwa bibi yao.